Maswali ya Wasomaji: Maranta Ndani ya Nyumba za Nairobi

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mmea mmoja: maranta, ule wenye majani mapana na mishipa myekundu, unaoinua majani jioni kama viganja vya mtu anayeomba. Ndiyo maana wauza maua wengi huuita mmea wa maombi. Asili yake ni misitu ya Brazili, ambako hutambaa chini ya miti mirefu, kwenye kivuli, joto na udongo mwepesi wa majani yaliyooza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai ni baridi, alasiri za Januari na Februari ni kavu, na maji hutegemea unakoishi. Wengi waliotuandikia walikuwa wameshanunua dawa au mbolea kabla ya kuuliza. Lakini katika barua hizi kosa liko kwenye maji, kwenye chungu au kwenye dirisha, na hapo ndipo tunapowaomba muanze ukaguzi.

Ncha za majani ya maranta yangu hukauka na kuwa kahawia, kisha ukahawia hupanda pembeni mwa jani. Naupulizia maji asubuhi na jioni lakini hali inazidi. Ploti yetu hutumia maji ya kisima. — Msomaji, Embakasi

Hapo uliposema kisima ndipo penye jibu. Visima vingi virefu vya Nairobi na viunga vyake vina floridi nyingi, ile ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wanaoinywa kwa wingi. Maranta na jamaa zake hudhurika upesi na floridi. Mizizi huinyonya pamoja na maji, maji husafiri hadi ukingo wa jani na kupotea hewani kama mvuke, floridi hubaki. Kwa kuwa ncha ndiyo mwisho wa safari, hujaa hapo kwanza hadi seli zinakufa. Ukitazama kwa karibu, mara nyingi utaona mstari mwembamba wa njano kati ya sehemu iliyokufa na ile iliyo hai.

Kupulizia hakukusaidii. Matone hukauka kwa dakika chache, na kwa maji ya kisima yanaacha chumvi juu ya jani. Kuchemsha nako hakutoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki inazidi kukolea. Kuyaacha wazi kwenye ndoo usiku kucha hupunguza klorini ya mfereji, lakini floridi haiendi popote.

Badilisha maji. Bora kabisa ni ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe mabati kwa robo saa hivi, ndipo ukinge. Chungu cha upana wa sentimita 15 hutumia kama nusu lita kila unapokinywesha, kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 20 unakutosha mara 40. Ufunike vizuri mbu wasitage. Mvua ikikosekana, maji ya mfereji wa jiji, ambayo sehemu kubwa hutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua huko Aberdare, ni mepesi na yanafaa. Ila muulize msimamizi wa jengo, kwa sababu mitaa mingi huchanganya maji ya mfereji na ya kisima ndani ya tanki moja, na mgao ukikatika huletewa ya boza ambayo hujui yametoka wapi. Njia ya tatu ni maji ya kunywa yanayojazwa madukani, mradi duka lina mtambo unaotoa madini, si chujio la kuondoa taka pekee.

Ukishapata maji mazuri, osha udongo mara moja. Peleka chungu kwenye sinki ukimiminie polepole maji yenye ujazo mara tatu ya chungu chenyewe. Kwa chungu cha lita mbili, hayo ni lita sita. Kiache kichuruzike hadi kiishe. Sehemu zilizokauka hazitapona. Zikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu hai. Majani mapya ndiyo yatakayotoa hukumu baada ya wiki sita hadi nane. Yakitoka safi, ujue ilikuwa ni maji. Yakitoka yamekauka hata kabla ya kufunguka, basi udongo unakauka kupita kiasi kati ya unyweshaji mmoja na mwingine, au hewa ni kavu mno.

Maranta niliyonunua haiinui majani jioni hata kidogo. Iko sebuleni karibu na televisheni, na taa zetu huwaka hadi saa sita usiku. Je, niliuziwa mmea mwingine? — Msomaji, Kahawa West

Hapana, ni yenyewe, ila imewekwa pasipofaa. Shika jani moja uligeuze. Pale kikonyo kinapokutana na jani utaona kiungo kifupi kilichonenepa kidogo. Hicho ndicho kinachofanya kazi. Giza likiingia, seli za upande wa chini wa kiungo hujaa maji na zile za juu hupungukiwa, jani likasukumwa juu. Alfajiri mambo hugeuka na jani hulala kupokea mwanga. Mmea huongozwa na tofauti ya mwanga wa mchana na giza la usiku, pamoja na saa yake ya ndani. Ukikaa gizani mchana, kisha ukamulikwa na taa hadi usiku wa manane, unapoteza mwelekeo. Mmea wenye kiu nao huinua majani kwa shida, kwa sababu kiungo kinahitaji maji ili kijae.

Kona ya televisheni karibu kila mara ni giza kwa mmea hata kama wewe unaona vizuri. Pima hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale mmea ulipo, kisha nyosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli kikitokea chenye kingo laini, mwanga unatosha. Kisipoonekana, ni giza. Kikiwa cheusi chenye kingo kali, hilo ni jua la moja kwa moja, na litafifisha rangi ya majani au kuyaunguza.

Kuhusu dirisha, ushauri wa vitabu vya Ulaya na Marekani hautufai sana. Sisi tuko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, na jua huvuka utosi wetu mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya Aprili na Agosti jua liko kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini halipati jua la moja kwa moja na linaweza kuwa hafifu, hasa Juni hadi Agosti wingu linapotanda. Msimu huo sogeza mmea kwenye dirisha la kaskazini, sentimita 50 hadi 100 kutoka kwenye kioo. Oktoba hadi Februari jua huhamia kusini, na Januari ni kali kwelikweli. Dirisha la kusini wakati huo lifunike kwa pazia la neti.

Dirisha la mashariki ndilo rahisi kuliko yote, maana jua la hadi saa tatu asubuhi halidhuru. La magharibi ni la hatari. Jua la saa tisa alasiri huingia likiwa limeinama na la moto, hupenya mbali ndani ya chumba. Hapo weka mmea mita moja na nusu hadi mbili kutoka dirishani, au nyuma ya pazia.

Usiku uhamishie mmea kwenye chumba kinachozimwa taa mapema. Ukiona majani yanaanza kuinuka tena ndani ya wiki mbili au tatu, usiusogeze tena ovyo.

Majani ya chini yamegeuka njano na mashina yamelegea karibu na udongo, ilhali nimeumwagilia kila baada ya siku mbili bila kukosa. Nimeupanda kwenye chungu cheupe cha kauri. Ulianza kuugua mwezi wa saba. — Baba wa nyumba, South B

Mzee wetu, mmea wako unazama. Vyungu vingi vya kauri vya kupendezesha nyumba havina tundu chini. Maji hujaa pale chini usipoyaona, hewa hutoka kwenye udongo, mizizi hukosa pumzi na kuanza kuoza. Julai huongeza balaa. Baridi hupunguza kasi ya mmea, unakunywa kidogo, udongo unakaa na maji siku nyingi, na wewe unaendelea na ratiba ile ile ya Februari. Linalochanganya wengi ni kwamba mmea uliooza mizizi hulegea sawasawa na mmea wenye kiu, na mwenyewe huzidi kuumwagilia.

Utoe leo, usisubiri wikendi. Vuta donge lote la udongo ulisafishe kwa maji ya uvuguvugu hadi mizizi ionekane. Mzizi mzima ni mweupe au rangi ya krimu, na ukiubonyeza ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, laini, ganda lake huvuliwa kwa vidole likaacha uzi mwembamba, na mara nyingi hunuka. Chukua mkasi uliopanguswa kwa spiriti ukate yote iliyooza, hadi ufike penye uzima. Mashina yaliyolainika yakate pia.

Sasa hesabu kilichobaki. Ikibaki nusu ya mizizi au zaidi, panda upya kwenye udongo mpya, ndani ya chungu kinachoizidi mizizi kwa sentimita mbili tu kila upande. Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi: wanahurumia mmea na kuupa chungu kikubwa, na udongo usio na mizizi unashika maji na kuoza upya. Punguza pia majani, theluthi moja hivi, kwa sababu mizizi michache haiwezi kuyanywesha yote. Mwagilia mara moja, kisha subiri. Usitie mbolea kwa wiki sita. Ikiwa mizizi karibu yote imekwisha, usipigane nayo. Kata vipande vya juu vilivyo imara uvioteshe kwenye maji, kama tulivyoeleza kwenye jibu la msomaji wa Lang'ata hapa chini. Fanya hivyo hata kama unatumaini mmea utapona, iwe akiba.

Baada ya hapo, ratiba ya siku isahau. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha kwanza, sentimita mbili au tatu. Pakiwa pamekauka, mwagilia hadi maji yatokee chini, na baada ya dakika 20 mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Pakiwa na unyevu, ondoka. Kwa chungu cha sentimita 15, Februari inaweza kuwa kila siku nne hadi sita, Julai siku nane hadi kumi na mbili, lakini kidole ndicho kinachoamua. Chungu chako cheupe usikitupe. Panda mmea kwenye chungu cha plastiki chenye matundu kinachoingia ndani yake, na uutoe kila unapounywesha.

Jambo la mwisho kuhusu Julai: usiuweke juu ya sakafu ya simenti au vigae, wala usiruhusu majani yaguse kioo usiku. Maranta hupenda nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi, na chini ya 15 hukwama. Stuli ya mbao mbali kidogo na dirisha inatosha kuokoa mizizi na baridi.

Nilinunua mmea ukiwa kwenye mfuko mweusi wa miche kando ya Barabara ya Ngong. Udongo wake ni mwekundu na mgumu. Niuache au niubadilishe, na nichanganye nini? — Mwalimu, Dagoretti

Ubadilishe, Mwalimu, lakini upe mmea wiki mbili uizoee nyumba kwanza. Udongo mwekundu ni mzuri shambani, ambako una kina na minyoo ya kuufungua. Ndani ya chungu kidogo hushikana kama tofali, maji hupita pembeni na katikati hubaki pakavu.

Kwa chungu kimoja cha sentimita 15, changanya vikombe vinne vya kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, vikombe viwili vya mawe mepesi ya volkano yaliyovunjwa kufikia ukubwa wa punje ya mahindi au chini yake, na kikombe kimoja cha mboji iliyoiva na kuchekechwa. Ukipandisha vyungu vingi, pima kwa gorogoro ukifuata uwiano huo huo wa nne, mbili na moja. Mawe hayo ndiyo yale watu wanayosugulia visigino, na Bonde la Ufa limejaa. Kabla ya kuyatumia yachekeche vumbi litoke, maana vumbi huziba nafasi ambazo ulitaka maji na hewa vipite. Tofali la kokopiti la gramu 650 likilowekwa hutoa kama lita nane. Lioshe mara mbili na kulikamua, kwa kuwa makumbi ya nazi mara nyingi huja na chumvi. Mboji ikiwa bado ina joto au harufu kali ya samadi, haijaiva, itaunguza mizizi.

Mizizi ya maranta haiendi chini sana, kwa hiyo chagua chungu kipana kuliko kirefu. Panda kwa kina kile kile mmea ulichokuwa nacho. Usiugandamize udongo kwa ngumi. Gonga chungu mezani mara chache tu utajipanga. Msimu mzuri ni Machi hadi Aprili au Oktoba, mmea ukiwa unakua. Juni hadi Agosti usiuguse, isipokuwa kwa dharura ya kuoza.

Ukiwa umeshika mizizi, kagua kitu kimoja. Ukiona vinundu vilivyofungana na mzizi wenyewe, hao ni minyoo wa mizizi, wasioonekana kwa macho, na udongo wa vitalu unaweza kuwa nao. Hakuna dawa ya nyumbani itakayowamaliza. Kata vipande vya juu visivyogusa udongo, viotesheni upya, na mizizi pamoja na udongo wake vitupwe kwenye taka, si bustanini.

Jirani amenishauri kutia kijiko cha mbolea ya CAN kila wiki ili majani yawe makubwa. — Mama wa watoto wawili, Umoja

Mama, usitie. CAN ni ya mahindi na sukuma shambani. Punje zake ndani ya chungu kidogo huyeyuka sehemu moja, chumvi inakuwa kali, na mizizi badala ya kunywa inanyang'anywa maji. Kesho yake utaona kingo zimeungua. Epuka pia mbolea za superfosfeti, kwa sababu huja na floridi.

Nunua NPK, yaani mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu, ya kuyeyuka kwenye maji, yenye namba zinazolingana kama 19-19-19. Kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, karibu gramu tano, kiyeyushe kwenye lita 10 za maji. Mpe mmea mara moja kwa mwezi kuanzia Septemba hadi Mei, udongo ukiwa tayari una unyevu. Juni hadi Agosti acha kabisa. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu, mbolea au madini yamezidi, basi osha udongo kama tulivyomweleza msomaji wa Embakasi.

Nimeweka jani moja zuri la maranta kwenye glasi ya maji kwa miezi miwili. Bado ni kijani, lakini halijatoa mzizi. — Msomaji, Lang'ata

Na halitatoa. Jani na kikonyo chake pekee havina chembe ya kuchipua. Mizizi mipya hutoka kwenye kifundo, pale penye uvimbe mdogo kwenye shina ambapo kikonyo cha jani kimeshikana na shina. Bila kifundo utakaa na jani la kijani hadi lioze.

Tafuta shina lenye majani mawili hadi manne. Lifuate kwa kidole kuelekea chini hadi uguse kifundo, kisha ukate sentimita moja au mbili chini yake kwa wembe safi. Jani lolote litakalozama majini liondoe. Tumbukiza ili kifundo kifunikwe na maji safi, ya mvua ukiwa nayo, na weka glasi penye mwanga usio wa jua kali. Badilisha maji kila siku tatu au nne. Maji yakiwa na ukungu au utelezi, oksijeni imekwisha na shina litaoza. Joto la kawaida la Februari au Machi hutoa mizizi ndani ya wiki mbili hadi nne. Kwenye baridi ya Julai inaweza kuchukua mara mbili ya muda huo, kwa hiyo msimu huo usianze kama hulazimiki.

Mizizi ikifika sentimita tatu hadi tano, ihamishe kwenye udongo. Usingoje iwe mirefu na yenye kujisokota, maana mizizi iliyokomaa majini hupata shida kuzoea udongo. Wiki mbili za kwanza weka udongo wenye unyevu wa kutosha, zaidi ya unavyofanya kwa mmea mkubwa. Panda vipande vitatu kwenye chungu kimoja, kwa sababu kimoja pekee huonekana kimekonda kwa muda mrefu. Na kule ulikokata, mmea mama utachipua matawi mapya juu ya kifundo kilichobaki. Kwa maranta iliyorefuka na kuwa mashina matupu, hiyo ndiyo tiba yake.

Chini ya majani kuna utando mwembamba kama wa buibui, na juu pamejaa vidoa vidogo vya rangi ya vumbi. Tena kuna vinzi vyeusi vinavyoruka nikigusa udongo. Je, ni ugonjwa mmoja? — Msomaji, Kasarani

Ni wageni wawili, na kila mmoja amekuja kwa sababu yake.

Utando ni wa utitiri mwekundu. Huzaana haraka hewa ikiwa kavu na ya joto, ndiyo maana huvamia Januari na Februari. Hakikisha hivi: weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara mbili, kisha tazama. Vumbi linalotembea ndilo utitiri. Tenga mmea na mingine siku hiyo hiyo. Upeleke bafuni, funika udongo kwa mfuko, osha majani kwa maji yenye nguvu ya kadiri, hasa upande wa chini. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarobaini na matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, tikisa vizuri, jaribu kwenye jani moja usubiri siku moja. Lisipodhurika, pulizia mmea wote jioni, chini ya majani kuliko juu. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, mara tatu au nne. Wengi huacha baada ya mara ya kwanza kwa kuwa utando umetoweka, lakini mayai hayadhuriki kwa urahisi, na wiki moja baadaye kizazi kipya kinaanza upya.

Ukikuta mahali pa utitiri vibonge vyeupe kama pamba kwenye viungo vya majani, hao ni vidung'ata. Waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, na rudia kila wiki.

Vinzi vyeusi havili majani. Hutaga kwenye udongo uliolowa muda mrefu, na viluwiluwi vyake hula uozo na mara nyingine mizizi michanga. Ukiacha sentimita tatu za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena, utawapunguza. Kipande cha kadi ya njano kilichopakwa gundi ya kunasa kitakamata wanaoruka. Wakizidi, kagua kama chungu chako kinatoa maji, maana huenda tatizo lako ndilo lile la msomaji wa South B.

Kuhusu hewa kavu, panga mimea kadhaa pamoja, au weka chungu juu ya sinia pana yenye kokoto na maji yasiyofikia tundu la chungu. Unyevu hauongezeki sana lakini unasaidia. Majani yaliyolowa usiku wa baridi huleta madoa ya ukungu, yenye maji maji na duara la njano pembeni. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka chini kinyunyizi.

Kitaluni walinipa chaguo: maranta au kalathea, bei karibu sawa. Mimi ni mgeni wa mimea ya ndani. — Msomaji, Kileleshwa

Chukua maranta. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini kalathea huhitaji hewa yenye unyevu zaidi, na Februari ya Nairobi huichosha mapema. Kati ya maranta zenyewe, ile ya madoa meusi kati ya mishipa nayo ni ngumu na yafaa kuanzia, sawa na ile ya mishipa myekundu.

Kabla ya kulipa, geuza majani utafute utando na vibonge vyeupe. Inua mfuko uone kama mizizi inayotokeza ni myeupe. Tafuta angalau jani moja jipya lililojikunja kama sigara, kwa kuwa hilo ndilo linalothibitisha kwamba mmea unakua. Majani yenye mistari ya njano ya kukatika katika, isiyofuata mishipa, yaache hapo hapo: huenda ni kirusi cha mozaiki, hakina tiba.

Nina paka na mtoto anayetambaa. Je, una sumu? — Mama mchanga, Donholm

Maranta haina sumu kwa paka, mbwa wala mtoto. Akitafuna jani, mtoe mabaki mdomoni na umpe maji. Wa kuogopa ni jamaa wa nduma, kama vile monstera, filodendroni na difenbakia. Utomvu wao una fuwele kali zinazochoma na kuvimbisha mdomo. Hao wapandishe juu asikofika, lakini maranta iache chini. Jambo la kuangalia ni udongo wenye mbolea, kwa hiyo funika juu kwa kokoto kubwa zisizoweza kumezwa.

Imetoa kijiti chenye viua vidogo vyeupe vyenye zambarau. Nikate? — Msomaji, Buruburu

Ukipenda, viache, havidhuru. Mmea ukiwa mdogo au ukiwa umetoka kupandwa upya, kata kijiti karibu na shina ili nguvu iende kwenye majani.